Matanga Bila Maiti

Ukumbi mkubwa wa yale makumbusho una madirisha marefu yanayotazama baharini. Siku tulipoanza kupanga maonyesho, jambo la kwanza lililoagizwa ni kuyaziba yote kwa mbao na kitambaa cheusi, ili watu waweze kuisikiliza bahari. Msanii mgeni aliyeletwa kwa ndege alikuwa amerekodi mawimbi ya pwani ya kwao, akaja nayo Mombasa ndani ya kompyuta, na spika zikapangwa kuzunguka kilima cha mchanga uliopepetwa na kuoshwa hadi ukawa mweupe kama chumvi ya dukani. Juu ya mchanga palilazwa vipande vya vioo vilivyovunjwa kwa uangalifu mkubwa. Maelezo yaliyobandikwa ukutani yalisema kwamba kazi hiyo inamwalika mtazamaji akutane upya na bahari. Bahari yenyewe ilikuwa upande wa pili wa mbao, ikipiga mawe bila mwaliko wa mtu.

Ninaandika haya kwa dharau na sitaki kuificha, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichotoka nacho mle ndani kikiwa kizima. Lakini niseme na hili: nilitaka kuwa sehemu ya maonyesho yale kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Mratibu alikuwa ametuambia kwamba baada ya Mombasa kazi chache zingechaguliwa kwenda Nairobi, kisha ng'ambo, pamoja na wasanii wake. Tangu siku hiyo nikawa silali vizuri. Nilimdharau kila mtu aliyekuwa mle, na kila mmoja wao akinisalimia, moyo wangu ulikuwa unaruka kama wa mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Mimi sikusomea sanaa. Nilijifunza kwa simu, nikiwa nimekaa kwenye kibaraza cha nyumba yetu Mtongwe, kwa video zilizokatika kila bando lilipokwisha. Labda ndiyo maana nina maradhi ya usahihi. Mtu aliyefundishwa na mwalimu huambiwa siku moja kwamba hapo panatosha, aache. Mimi hakuna aliyewahi kuniambia. Ujumbe wa simu wa maneno matatu naweza kuuandika na kuufuta asubuhi nzima. Nikitundika kitu ukutani hurudi kukitazama, nikaenda jikoni, nikarudi tena, hadi mama aniulize kama nakidai.

Nilipewa stoo. Kilikuwa chumba kidogo nyuma ya ukumbi, kuta nene, dirisha moja, na ndimo walimokuwa wakiweka makasha ya vioo vya yule mgeni kabla hajavivunja. Nilifurahi sana, kwa sababu dirisha moja ndilo nililokuwa nalitaka. Nililiziba kwa boksi jeusi, nikaacha tundu moja tu, dogo kama tundu la sindano. Ukifanya hivyo, na chumba kikawa giza totoro, mambo ya nje huingia ndani kupitia lile tundu na kutua kwenye ukuta wa mbele: mnazi, paa, kipande cha bahari, meli ikipita. Hakuna mashine, hakuna umeme. Yanaingia yakiwa kichwa chini, basi.

Tundu lenyewe lilinitesa. Kwenye boksi kingo zake zilikuwa na nyuzinyuzi na picha ikawa na ukungu. Nikakata mikebe ya soda, nikatoboa bati lake kwa sindano, nikalisugua kwa msasa laini, nikatupa, nikaanza tena. Tundu likiwa kubwa kidogo tu, picha inavimba na kulainika kama uji. Likiwa dogo mno, huoni kitu. Nilitupa mikebe mingi hadi jirani yetu akaniuliza kama nimefungua baa.

Mahali pa picha kutua nilitundika kitambaa cha marekani, kile cheupe cha kawaida, ambacho nilikuwa nimekizika kwenye tope chini ya mikoko, karibu na pale feri ya zamani ilipokuwa ikitia nanga. Maji yalijaa na kupwa juu yake siku kadhaa. Nilipokichimbua kilikuwa na mistari ya kahawia, mmoja juu ya mwingine, kila mahali maji yalipofika yakarudi. Hilo ndilo lilikuwa wazo langu lote. Bahari ya leo, iliyo nje ya dirisha, iangukie kwenye alama ambazo bahari iliacha jana, na mtu akae atazame asijue ipi ni ipi.

Nimesema akae kwa sababu macho yanahitaji muda kuzoea giza. Ukiingia ukatoka haraka, umeona stoo. Kwa hiyo nilimwomba mama mikeka yake miwili ya ukindu, ile mizuri ya kutandikia wageni. Akanipa kwa sharti moja.

"Mtu asiikanyage na viatu."

"Hakuna atakayeikanyaga, mama."

"Hao watu wako nawajua kwa televisheni. Wanalala na viatu kitandani."

Palibaki jambo la harufu. Tope la mikoko lina harufu yake, na ndani ya chumba kilichozibwa harufu hiyo haina pa kwenda. Mratibu aliingia siku ya ukaguzi, akatoka upesi, mkono puani. Yeye ni mtu wa Nairobi, kijana bado, mwenye viatu vya bei, na ndiye aliyeandika kwenye karatasi za mwaliko kwamba maonyesho yale yangeamsha hisia zote tano.

"Dada, hapa kunanuka mtaro," akaniambia. "Wageni hawataweza. Fanya kitu."

Nikaenda kwa jirani yetu, mama mmoja wa ukoo wa zamani wa pale Mtongwe, nikaazima chetezo na ubani. Nikaufukiza chumba asubuhi ya ufunguzi hadi tope likashindwa. Kisha nikakagua kila kitu kwa mara ya mwisho: tundu, kitambaa, mikunjo ya kitambaa, mikeka isipinde pembeni, moshi usiguse mwanga. Niliona kila kitu. Ninaapa kwamba niliona kila kitu kimoja kimoja.

Wageni wa kwanza walipoanza kuja nilikimbilia chooni kutapika, kama nifanyavyo siku zote. Yaliyotokea chumbani kabla sijarudi nilisimuliwa na mama baadaye, na yeye mwenyewe alikuwa akisimulia huku anajificha uso.

Walikuwa wamevuka kwa feri, yeye, jirani, na wanawake wengine wachache wa mtaani, wote wamevaa vizuri. Walipita ukumbini wakautazama mchanga. Mmoja akauliza kama kuna ujenzi. Wakaelekezwa kwangu. Mlangoni wakavua viatu, kwa sababu waliona mkeka. Ndani wakakuta giza. Wakakuta moshi wa ubani. Wakakuta mikeka imetandikwa chini na nguo nyeupe imening'inia mbele yao kimya. Na pembeni alikuwa amekaa mzungu mmoja kijana, mwembamba, amekumbatia magoti, haongei, anasubiri macho yazoee giza kama karatasi ya mlangoni ilivyomwagiza.

Jirani yetu hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alijifunika leso kichwani, akakaa, akanyoosha miguu, akamgeukia yule kijana kumpa pole kwa sauti ya chini.

"Makiwa, mwanangu."

"Asante sana," akajibu yule kijana, kwa Kiswahili cha darasani.

Maskini, jirani akawaza, msiba umemchanganya hata jibu halijui. Wenzake wakakaa mmoja mmoja, kila mmoja akampa mkono. Kijana akashukuru tena na tena. Mama, ambaye ni mtu wa kanisa, akaanza kuomba kimoyomoyo, kisha kwa midomo. Mwingine akapenga kamasi.

Ndivyo nilivyowakuta. Niliona viatu vimejipanga mlangoni, nikaingia, na badala ya watu wanaotazama ukuta nikakuta watu walioinamisha vichwa. Mama akanivuta nguo.

"Mbona hukuniambia?" akaninong'oneza. "Ni nani?"

"Nani nini?"

"Aliyefariki."

"Mama, hakuna aliyefariki. Haya ndiyo maonyesho."

Ndipo jirani akauliza kwa sauti yake ya kawaida, ambayo si ndogo, "Na ile sanda ni ya nani?"

"Si sanda, ni marekani."

"Marekani na sanda si duka moja? Huyu je, si mfiwa?"

"Ni mgeni tu. Anatazama."

"Yarabi! Nimemshika mkono kijana wa watu, nimempa pole hadi machozi yanitoka!"

Wakacheka. Walicheka wakiegemeana, na yule kijana naye akacheka bila kujua analocheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama pale nikikiona chumba changu kwa mara ya kwanza. Mtoto yeyote wa kwetu Likoni angekijua. Giza, mkeka, nguo nyeupe, ubani. Nilikuwa nimepima tundu kwa sindano na nikawa nimejenga nyumba ya msiba pasipo kujua, mimi niliyezaliwa nikakulia kwenye misiba ya mtaa, niliyesinzia kwenye mikeka ile ile, ubani ule ule puani. Nilikuwa nimetazama kila kitu kimoja kimoja.

Wakati wanacheka macho yao yakazoea giza, na mmoja wao akaiona picha.

"Tazameni, mnazi. Umesimama kichwa chini."

"Kweli. Na nyumba pia."

Jirani akanigeukia. "Miezi yote hii watoboa mikebe, na picha yenyewe umeitundika juu chini?"

"Ndivyo inavyokuja, shangazi. Mwanga ukipita kwenye tundu unajigeuza."

"Basi igeuze."

"Haigeuki."

"Fundi gani huyu?" akawauliza wenzake. "Hebu na sisi tulale tuione sawasawa."

Na wakalala, wallahi, wanawake wazima chali kwenye mikeka, vichwa kuelekea kitambaa, wakitazama kwa kugeuza shingo, wakibishana lile jengo la nyuma ni hoteli au ni hospitali. Walikaa mle muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyeingia wiki ile. Nilipaswa kufurahi. Nilichokuwa nawaza ni kwamba wameukunja mkeka pembeni.

Mratibu alikuwa mlangoni muda wote, simu juu, anarekodi. Walipoondoka alinishika mabega.

"Dada, hii imeweza! Mwanzoni ilikuwa tu picha ukutani, sasa ni kitu kingine. Umeona vile walikaa? Vile walilia? Nataka hiyo siku ya kufunga, wafadhili wakiwa hapa. Hiyo ndiyo itakupeleka Nairobi, nakuambia ukweli."

"Walikosea," nikamwambia. "Walidhani kuna msiba."

"Exactly. Waje vile vile. Waingie kama hawajui."

Nimelifikiria sana neno hilo, kama hawajui. Mtu huyu alikuwa ameziba bahari ili watu waisikie, na sasa alitaka mama yangu ajue, kisha aigize kutojua. Nilimdharau hadi masikio yakawaka. Kisha nikamwambia nitawauliza.

Niliwauliza. Sitajifanya kwamba nilisitasita. Mama alikuwa kibarazani anamenya viazi vya karai, jirani amekaa karibu naye na kikombe cha chai.

"Wanataka mrudi siku ya kufunga," nikasema. "Mkae kama mlivyokaa."

"Tutazame picha?" mama akauliza.

"Mkae kama mnahani msiba."

Jirani akaweka kikombe chini. "Tumhani nani?"

"Hakuna mtu. Lakini hata siku ile hakukuwa na mtu, na mlihani."

"Siku ile hatukujua," mama akasema. Hakupandisha sauti, aliendelea na kisu chake. "Mtu akikaa matangani naye anajua hakuna maiti, huyo hahani tena. Huyo anaita kifo."

"Uchuro mtupu," jirani akaongeza. "Wewe mwambie huyo bwana wako aanze na kwake. Amlaze mamake pale katikati, amvike ile marekani yako, mimi nitakuja nimlilie bure, na nitagaragara."

"Ni sanaa tu, shangazi."

"Ndiyo, sanaa. Basi na alale yeye."

Nilikasirika. Jioni ile niliwaona ni watu wajinga walioshikwa na hofu za kale, wanaonizibia njia kwa viazi na chai. Nilisema hivyo kichwani mwangu, kwa maneno hayo hayo, na nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha mama nikila viazi vyake. Kisha nikaanza kumwandikia mratibu kwamba wamekataa. Niliandika kwa namna nyingi, ile ya kuomba radhi, ile ya kiburi, ile inayosema wanaumwa. Ile niliyotuma ilikuwa fupi. Akajibu upesi kwamba nisijali, atapanga.

Alipanga. Siku ya kufunga nilifika na kukuta kikundi cha vijana wa maigizo kutoka mjini, wasichana kwa wavulana, wamevaa leso mpya zenye vibandiko vya duka. Walikuwa wamepewa chumba changu. Waliingia wakipitia ukumbini, wakikanyaga ukingo wa ule mchanga mweupe wa mgeni, wakaja moja kwa moja hadi kwenye mikeka ya mama na raba zao miguuni, wakakaa. Kila unyayo ulikuwa na mchanga.

Wakaanza kulia. Walilia kama watu wanaolia kwenye televisheni, mikono juu ya kichwa, wakiita mama na baba. Wafadhili walisimama kuzunguka kuta na glasi zao mikononi, viatu vyao pia vimeingia mkekani kidogo kidogo kadiri walivyosogea. Ubani ulifukizwa mwingi mno. Na kila mmoja aliinua simu.

Mwanga wa nje siku ile ulikuwa mkali na safi kuliko siku zote. Kwenye kitambaa, juu ya mistari ya tope, meli kubwa ya makontena ilikuwa inaingia bandarini kichwa chini, polepole, kila kontena limetoka na rangi yake. Sijawahi kupata picha kama ile, si kabla, si baada. Tundu lilikuwa sahihi. Sijawahi kusema neno hilo juu ya kitu nilichokifanya mwenyewe, lakini lilikuwa sahihi. Kisha simu zikawaka zote, na mwanga wake ukaifuta meli kama mtu anayefuta ubao. Hakuna aliyeiona. Walikuwa wamegeuzia kitambaa mgongo ili wapate nyuso za waliaji.

Nilienda dirishani nikalishika boksi kwa mikono miwili, nikaling'oa. Gundi ilitoka na rangi ya ukuta. Jua likaingia lote kwa pamoja, na kitambaa changu kikawa kile kilichokuwa, nguo chafu kwenye kamba. Waliaji wakapepesa macho.

"Kwani imeisha?" mmoja akauliza.

"Nyanyukeni, tafadhali," nikasema. "Mikeka ni ya mama."

Wakanyanyuka. Wafadhili nao wakarudi nyuma. Nikaipangusa mikeka kwa kiganja, nikaikunja mmoja baada ya mwingine, nikaitia kwapani. Na nilipokuwa naelekea mlangoni wakapiga makofi. Mama mmoja mwenye miwani alikuwa anajifuta machozi. Mratibu ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote, uso unang'aa, akitikisa kichwa kama mtu aliyeona muujiza.

Nilivuka na feri nikiwa nimekaa juu ya mikeka iliyokunjwa. Nyumbani mama aliitandaza uani, akaona.

"Nani amekanyaga?"

"Waliaji."

Jirani akachungulia juu ya ua. "Na maiti? Alipatikana?"

"Bado, shangazi."

"Alhamdulillahi," akasema, akarudi ndani kwake.

Maonyesho yalikwenda Nairobi. Mimi sikwenda, sikuulizwa na sikuuliza, ingawa kwa wiki kadhaa simu ikilia nilikuwa naishika kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Kisha mratibu akanitumia video. Walikuwa wamekijenga upya chumba changu ndani ya ukumbi wa huko, na jina langu wameliandika mlangoni bila kosa. Mikeka ni ya plastiki. Waliaji ni wengine, wanalia vizuri zaidi. Na mwishoni msichana mmoja, wa umri wangu, mwenye leso kiunoni, anatoka gizani, anang'oa boksi dirishani, anakunja mikeka, anatoka nayo kwapani akiwa amekunja uso. Nilichukua muda kuelewa kwamba yule ni mimi. Makofi yanapigwa hadi video inakatika.

Niliitazama mara nyingi. Ningependa kusema kwamba kilichoniuma ni yule msichana, au jina langu kutumika, au msiba wa watu kufanywa mchezo wa mchana. Hayo yaliniuma baadaye, nilipoyapanga. Kilichoniuma kwanza kilikuwa nyuma ya mabega ya waliaji, kwenye kitambaa, kabla boksi halijang'olewa. Walitoboa kwa bisibisi, nadhani, au kwa kalamu. Nje ya dirisha palikuwa na jengo na mti, na vyote viwili vilikuwa vimevimba vikachanganyikana, uji mtupu.

Nikaandika ujumbe mrefu nikaufuta. Nikaandika wa matusi nikaufuta. Mwishowe nikatuma huu: "Tundu ni kubwa mno."

Akanijibu papo hapo, kwa vile vikono viwili vya manjano vinavyopiga makofi.